Mitambo ya Hambach na Bei ya Mkono

Ukisimama kwenye jukwaa la watazamaji nje ya mji mdogo wa Elsdorf, magharibi mwa Ujerumani, kitu cha kwanza kinachokupotea ni kipimo. Mbele yako liko shimo la Hambach, machimbo ya wazi ya makaa ya mawe ya kahawia, na chini kabisa kina chake kinapita mita 400. Ngazi za udongo wa manjano, kisha wa kijivu, kisha mweusi, zinashuka hadi macho yanachoka kuzifuata. Mitambo iliyokuwa kwenye ngazi hizo niliiona midogo, tena imelala. Mara gari la wafanyakazi likapita chini ya mmojawapo, jeupe, kama punje ya mchele iliyodondoka mkekani, ndipo nikaelewa ninatazama nini.

"Unauona umesimama, siyo?" mjomba aliniuliza.

"Ndiyo, mjomba. Labda wako mapumzikoni."

"Hapana, mwanangu. Usitazame gurudumu. Tazama mkanda ulio nyuma yake."

Nikautazama mkanda. Ulikuwa unakwenda, umejaa udongo, na udongo huo haukukatika muda wote tuliokuwa pale.

Mjomba wangu anaishi Bonn, mji ambao wasikilizaji wengi wa Kiswahili waliusikia redioni kabla ya kuutafuta kwenye ramani, maana ndiko inakotangazia Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Kabla ya kwenda Ulaya alikuwa opareta wa greda kwenye barabara za kusini mwa Tanzania, na mpaka leo hawezi kupita kando ya mtambo bila kuchungulia mafuta yanavujia wapi. Nilipomwambia nimekuja na hamu ya kuona mitambo mikubwa kuliko yote ya kuchimbia ardhi, hakuniuliza sababu. Alitazama utabiri wa mvua, akaniambia tuondoke asubuhi.

Anayejua katapila la kwetu inambidi asahau karibu kila kitu anachokijua. Huku hakuna mkono unaozama, ukapanda, ukageuka na kumwaga. Kuna boriti ndefu ya chuma, na mwisho wake gurudumu lenye ndoo zilizopangwa kwenye ukingo. Gurudumu linazunguka, kila ndoo inakwangua ukuta wa udongo, inapanda nao na kuumwaga kwenye mkanda ulio ndani ya boriti. Mkanda huo unaukabidhi mkanda mwingine, huo nao mwingine, kilomita kadhaa, mpaka ng'ambo ya pili ya shimo ambako mtambo wa aina nyingine unautema kama kifusi mahali palipokwisha kuchimbwa. Shimo kwa hiyo halikai mahali pamoja. Linatembea: mbele linakula, nyuma linajazwa.

Mtambo maarufu kuliko wote wa jamii hii unaitwa Bagger 288. Ulijengwa na kampuni ya Krupp na kukamilika mwaka 1978. Una uzito wa tani 13,500, urefu wa takriban mita 220 na kimo cha mita 96, na gurudumu lake lina kipenyo cha zaidi ya mita 21. Kwa siku moja unaweza kuhamisha mita za ujazo 240,000. Tuseme tipa la Dar es Salaam linabeba mita za ujazo 15 kwa safari: hapo umepata safari 16,000, kila siku, Jumapili ikiwemo. Mwenzake, Bagger 293, ambao unafanya kazi huku Hambach, ulikuja mwaka 1995 na una tani 14,200. Hakuna chombo kingine kizito kuliko huo kilichowahi kutembea chenyewe juu ya nchi kavu.

Mjomba alitafuta moshi, hakuuona. Mitambo hii haina injini ya dizeli. Inavuta umeme kwa waya mnene, megawati 16 na ushee kwa mtambo mmoja, na umeme huo unatoka kwenye gridi ileile inayolishwa na makaa inayoyachimba. Hapo akatikisa kichwa. "Greda langu nilikuwa nalizima nikienda kula," alisema. "Hili nani atalizima? Ukilizima, mitambo ya umeme itapiga simu kuuliza."

Nadhani katika sentensi hiyo alieleza mengi kuliko vibao vyote vilivyowekwa pale kwa ajili ya wageni. Ukubwa huu una sababu, na sababu si fahari, ingawa Wajerumani hawaichukii fahari. Sababu ni umaskini wa makaa yenyewe. Makaa ya kahawia ni machanga. Karibu nusu ya uzito wake ni maji. Hayafai kupakiwa melini kupelekwa nchi ya mbali, maana utakuwa umelipia nauli ya maji. Sharti yachomwe karibu na yanapochimbwa, na ndiyo sababu vituo vikubwa vya umeme vya Neurath na Niederaußem viko jirani tu, vimeunganishwa na machimbo kwa reli. Tena Hambach, ili kupata tani moja ya makaa hayo duni, lazima kwanza uondoe takriban mita za ujazo sita za kifusi. Zidisha kazi hiyo kwa mishahara ya Ujerumani na utaona kwamba kwa jembe, au hata kwa makatapila ya kawaida, hesabu haikubali. Inakubali tu ukiwa na mashine ambayo watu wachache wanaiongoza na ambayo haikomi kuchimba.

Tukaondoka Elsdorf kuelekea kaskazini. Upande wa kushoto, mbali, ulionekana mlima wenye msitu. Unaitwa Sophienhöhe, na si mlima wa Mungu: ni kifusi cha Hambach kilichorundikwa tangu 1978, kikapandwa miti mamilioni. Unainuka karibu mita 200 juu ya uwanda, na watu huupanda kwa mazoezi siku za mapumziko. Nilitamani kuudharau nikashindwa. Ni msitu mzuri.

Njia tuliyofuata inakaribia ile iliyopitwa na Bagger 288 mwaka 2001. Mtambo ulikuwa umemaliza kazi yake Hambach na ulitakiwa machimbo ya Garzweiler, kilomita 22 kutoka pale. Kuufungua vipandevipande na kuuunga upya kungegharimu zaidi kuliko kuutembeza, basi ukatembezwa. Safari ilichukua wiki tatu. Ulivuka barabara kuu ya A61, reli na mto Erft, na mtoni walilaza mabomba makubwa ya chuma ili maji yapite chini huku wakifunika juu kwa mawe na changarawe. Mahali pengine nyasi zilipandwa mapema ili ardhi iwe laini kwa minyororo. Kuna minyororo 12, kila mmoja una upana wa mita 3.8, na kwa upana huo uzito wote unagawanyika hata ardhi isizame. Gharama ilikaribia mark milioni 15 za wakati ule. Mjomba, ambaye aliwahi kuopoa greda lililozama kwenye tope kwa muda ambao hapendi kuutaja, aliisikiliza habari ya mtoni kwa makini kuliko habari nyingine yoyote ya siku ile.

Garzweiler ni jina la kijiji ambacho hakipo. Kilichimbwa, jina likabaki kwa machimbo. Hata barabara haziko salama: sehemu ya A44 iliondolewa kupisha mitambo, ikajengwa upya juu ya udongo uliorudishwa na kufunguliwa mwaka 2018, na mwaka huohuo kipande cha A61 kikafungwa ili nacho kichimbwe. Unaendesha gari juu ya lami mpya, kulia na kushoto mashamba yaliyonyooka mno, miti yote ya rika moja, na hakuna kitu chochote cha zamani. Nchi nzima ina umri wa kijana wa shule.

Kijiji cha Immerath kilikuwa na kanisa la Mtakatifu Lambertus, lenye minara miwili, la mwishoni mwa karne ya 19. Watu walilipa heshima ya kuliita kanisa kuu ingawa halikuwa na askofu. Lilibomolewa Januari 2018. Hapa kuna jambo ambalo watazamaji wa mitambo mikubwa hulisahau: kanisa lile halikuangushwa na gurudumu la ndoo. Liliangushwa na katapila la kawaida la haidroliki, la aina inayofanana na yale yanayobomoa nyumba zilizowekewa alama ya X kando ya barabara zetu, likiwa na mkono mrefu zaidi tu. Mtambo mkubwa haujui kuchagua jiwe. Mdogo ndio unaotangulia: unabomoa nyumba, unang'oa mabomba, unafukua makaburi ili marehemu wahamishwe, na ardhi ikishakuwa tupu ndipo gurudumu linafika.

Lützerath kilikuwa kijiji cha mwisho kuondolewa namna hiyo. Januari 2023 maelfu ya watu walikuja kukitetea, Greta Thunberg akiwemo, kwenye matope na mvua. Polisi wakawatoa, nyumba zikabomolewa. Makubaliano ya mwaka 2022 kati ya serikali na kampuni ya RWE, ambayo ndiyo mwenye machimbo, yalikitoa Lützerath na kuviokoa vijiji vitano vya jirani, pamoja na kuurudisha mwisho wa makaa ya eneo hili kutoka 2038 hadi 2030.

Tulishuka garini kwenye kimoja cha hivyo vitano, Keyenberg. Kimeokolewa, ndiyo, lakini baada ya wenyeji wengi kuwa wameshauza na kuhamia kijiji kipya kilichojengwa kwa ajili yao, chenye jina lilelile. Tulipita mtaa mzima wa nyumba za matofali mekundu, madirisha yamefungwa, bustani zimeota magugu. Nyumba chache zilikuwa na watu. Mzee mmoja alikuwa akifagia majani mbele ya lango lake. Mjomba akamsalimu kwa Kijerumani, wakazungumza. Mzee alipanga kuhama kama wenzake, alisema, akawa anachelewa kutia saini, na ucheleweshaji wake ukamfanya awe mkaazi wa kijiji kilichobaki bila majirani. Hakuonekana kama mshindi. Mjomba alipomwuliza kama anausikia mtambo usiku, alijibu kwamba ameuzoea, na kwamba siku ukinyamaza ndipo atakapoamka.

Njiani kurudi Bonn tulibishana. Mjomba anaamini mashine huja kwa sababu fundi mwenye akili ameibuni. Mimi nadhani fundi huibuni mapema, kisha mashine hukaa ikingoja mpaka mkono wa mtu upande bei.

Ushahidi wangu ulianza na William Otis, kijana wa Marekani aliyepata hataza ya koleo la mvuke mwaka 1839 na kufariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 26. Koleo lake lilifanya kazi vizuri kwenye ujenzi wa reli, lakini kwa miongo kadhaa yalitengenezwa machache sana. Wahamiaji kutoka Ireland walikuwa wengi, na kumpa mtu sepetu kulikuwa rahisi kuliko kuwasha boila. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, reli zikapamba moto, ndipo makoleo ya mvuke yakaenea.

Mfereji wa Suez ni ushahidi wa pili, na ndio ninaoupenda zaidi. Kazi ilianza mwaka 1859 kwa wakulima wa Misri walioletwa kwa lazima, maelfu kwa maelfu, wengi wakizoa mchanga kwa mikono na kuubeba kwa vikapu. Ismail Pasha alipoingia madarakani mwaka 1863 aliikataa kazi ile ya lazima, na mwaka uliofuata kampuni ikaamuliwa ilipwe fidia kwa kunyang'anywa wale watu. Bila watu wa bure, wakandarasi Borel na Lavalley walileta mitambo ya mvuke iliyoelea majini, yenye mnyororo wa ndoo zilizozunguka bila kukoma. Mitambo hiyo ndiyo iliyochimba sehemu kubwa ya mfereji mpaka ukafunguliwa mwaka 1869. Ukiitazama michoro yake unamwona babu wa Bagger 288: ndoo baada ya ndoo, na udongo unaoondoka wenyewe.

Mjomba alisema hizo ni habari za mbali. Basi nikamtajia reli ya Mombasa hadi Kisumu. Ilijengwa kati ya 1896 na 1901, wakati koleo la Otis lilikwisha kuwa na karibu miaka 60, na bado ardhi yake ilikatwa kwa sururu, majembe na baruti. Waingereza waliijua teknolojia ile vizuri tu. Walichokuwa nacho ni vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kwa mikataba, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Miaka michache tu baadaye, huko Panama, Wamarekani walitumia makoleo ya mvuke zaidi ya 100 kuukata mfereji wao, na mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt akapigwa picha ameketi kwenye kiti cha mojawapo, amevaa suti nyeupe. Tofauti ya Mombasa na Panama haikuwa elimu.

Hapo mjomba alinikatiza. "Na haidroliki? Hiyo pia iliingoja bei?"

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Nguvu ya maji ndani ya silinda ilijulikana tangu karne ya 19, lakini mashine za kuchimba ziliendelea kutumia kamba za chuma na winchi, ambazo zinaweza kuvuta ndoo lakini haziwezi kuikandamiza. Mara nyingi ndoo ilizama kwa uzito wake tu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya ilikuwa na miji ya kujenga upya na wanaume wachache wa kushika koleo. Ufaransa, kampuni ya Poclain ikatoa mashine yake ya haidroliki mwaka 1951. Ujerumani, Demag ikatoa mwaka 1954 katapila lililokuwa la haidroliki lote, linalotembea kwa minyororo na kuzunguka duara zima. Uingereza, JCB ikatoa kijiko chenye mkono nyuma na sepetu mbele, ambacho leo kila mtoto wa Afrika Mashariki anakijua. Mafuta yanasukumwa na pampu, pistoni inatoka, mkono unakunja kiwiko na kukandamiza. Mtu mmoja anayejua kazi anaweza kwa mkono huo kuchimba mtaro bila kukata bomba la maji lililo kando.

Mjomba alikubali nusu. Alisema bei haiwezi kubuni silinda. Ni kweli, na nilimwachia.

Lakini mimi nimekulia Dar es Salaam, na ubishi huu niliuona kwa macho yangu kabla sijausoma popote. Kunduchi, kwenye machimbo ya mawe, katapila linaweza kung'oa mwamba asubuhi na kulijaza lori kwa dakika chache, na hatua chache kutoka hapo akina mama wameketi chini ya vivuli vya magunia, wanapasua mawe kwa nyundo kuwa kokoto, debe baada ya debe. Mashine ya kusaga kokoto ipo, inauzwa, inajulikana. Haijawaondoa kwa sababu mikono yao bado ni nafuu kuliko dizeli yake. Anayewaonea huruma na kutaka mashine ije kesho ajue pia kwamba siku itakapokuja, italipia dizeli kwa ujira wao.

Mitambo mikubwa nayo ina siku yake ya kufukuzwa kazi. Nikiwa njiani kwenda Berlin nilipita Ferropolis, karibu na mji wa Gräfenhainichen, mashariki ya nchi. Machimbo ya Golpa-Nord yalifungwa mwaka 1991, baada ya Ujerumani kuungana, shimo likajazwa maji likawa ziwa, na mitambo mitano imesimamishwa kwenye rasi iliyobaki. Gemini, mkubwa kati yao, ana karibu tani 2,000. Matamasha ya muziki hufanyika katikati yao, taa za rangi zikiwa zimeelekezwa kwenye chuma. Panapendeza, na sikukaa sana. Mtambo usiofanya kazi hauna la kukwambia baada ya picha ya tatu. Hadithi ya daraja la kusafirishia kifusi la F60 kule Lichterfeld inaumiza zaidi: mtambo wa urefu wa zaidi ya mita 500, ulioanza kazi mwaka 1991 na kuzimwa mwaka uliofuata. Leo watalii wanaupanda.

Hukumu yangu baada ya kuyaona yote ni kwamba ukoo wa magurudumu ya ndoo umefika mwisho. Hauwezi kujenga barabara, wala kuchimba msingi wa shule, wala kuondoa maporomoko ya udongo kama yale ya Hanang, Tanzania. Unajua kazi moja tu, nayo ni kazi ambayo Ujerumani yenyewe imeamua kuiacha. Kijiko cha haidroliki, ambacho hakuna anayesafiri kwenda kukitazama, ndicho kilichoirithi dunia, kwa wema na kwa ubaya: ndicho kinachochimba visima na ndicho kilichoangusha minara ya Immerath.

Uchimbaji wa makaa Hambach umepangwa kukoma mwaka 2029, na Garzweiler 2030. Baada ya hapo maji ya mto Rhine yataletwa kwa bomba lenye urefu wa takriban kilomita 45, na kulijaza shimo la Hambach kutachukua kama miaka 40. Kwa hiyo msomaji mwenye ndugu Köln au Bonn, ukialikwa kabla ya wakati huo, usitosheke na kanisa kuu na duka la chokoleti. Elsdorf ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Köln, na jukwaani hakuna kiingilio. Chukua darubini, vaa koti la upepo, na kabla hujarudi nenda Keyenberg utembee mtaa mmoja kwa miguu.